Mwongozo kwa Mkulima wa Rufiji Anayetamani Kujijazia Risasi

Ukitaka kujijazia risasi, anza kwa kumtazama vizuri yule unayekwenda kumpiga. Kuanzia Bungu na Jaribu hadi huko chini Nyamisati, Salale na visiwa vya delta, mara nyingi ni nguruwe. Huja usiku na ukoo mzima. Hufukua muhogo, huangusha mahindi, huulaza mpunga uliobakiza wiki mbili tu uvunwe. Wewe uko juu ya dungu na tochi, debe la kugonga na bunduki. Mama watoto yuko dungu la pili, mnalala kwa zamu. Na kwa kuwa Warufiji wengi ni Waislamu, nguruwe huyo hata akianguka haingii chunguni. Anayepiga swala huhesabu nyama. Anayepiga nguruwe huhesabu risasi iliyokwenda, na shimo la kuchimba asubuhi kabla mzoga haujaanza kunuka.

Hapo ndipo hamu ya risasi ya bei chee inapozaliwa, na hapo ndipo mjuzi wa kijiweni anapokukuta.

Kila kijiwe kinaye. Hana shamba, hana dungu, ila bunduki zote anazijua. "Shehe, risasi ya dukani ya nini? Maganda si unayo? Baruti ipo, jaza mwenyewe." Mnunulie kahawa, maana adabu ni adabu, halafu mwulize swali moja tu: hiyo baruti inapimwa kwa nini? Akikujibu "kwa jicho," maliza kahawa yako uondoke. Akikujibu "kwa kifuniko cha soda," ondoka kabla hujaimaliza.

Sasa tujue tunachobishania. Risasi ya kisasa ni vitu vinne: ganda la shaba, fataki iliyopachikwa kitakoni, baruti ndani, na kichwa kilichobanwa mdomoni. Fataki ikigongwa hutoa moto, baruti huungua kufumba na kufumbua, gesi husukuma kichwa kikatoka mbio kupitia mtutu. Ganda nalo hufanya kazi ambayo wengi hawaijui. Kwa nguvu ile ya gesi hutanuka, likaziba nyuma ili moto usikurudie usoni, kisha hunywea kidogo na kutoka. Likitoka zima, laweza kujazwa tena. Huo ndio msingi wa shughuli yote. Huko Marekani na Afrika Kusini, wawindaji huokota maganda yao, huyasafisha, huyarudisha katika umbo lake kwa mashine ya mkono, huweka fataki mpya, hupima baruti kwa mizani inayosoma vipimo vidogo kuliko punje ya mchele, kisha hubana kichwa kipya. Kila hatua huandikwa kwenye daftari: baruti gani, uzito gani, kichwa gani, siku gani.

Ni kazi ya heshima. Anayepiga sana hupata unafuu, hupata risasi inayoafikiana na bunduki yake, na bunduki ya babu ambayo viwanda vimeacha kuitengenezea risasi huendelea kula. Mtu anayeifanya vizuri namvulia kofia.

Lakini huku kwetu, anayejisifu kujaza mara nyingi anasema habari za gobore, na gobore ni ukoo mwingine kabisa. Halina ganda. Kila mlio ni kazi mpya tangu mwanzo: baruti kupitia mdomo wa mtutu, kitambaa, mdeki, gololi au vipande vya chuma, mdeki tena, mwisho fataki. Yafanye hayo gizani, juu ya dungu linaloyumba, manyunyu yakikudondokea shingoni, huku nguruwe wametulia kusikiliza. Mlio wa kwanza ukikosa, wa pili utakuwa tayari wakati nguruwe wamefika shamba la jirani. Baruti yenyewe nyeusi huacha masizi yanayonyonya unyevu, na katika hewa ya chumvi ya delta mtutu usiooshwa siku ile ile huanza kuliwa na kutu.

Na tusisahau ni nani aliyetuachia gobore. Katika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, yakaacha mlango mdogo kwa gumegume na baruti ya kawaida. Risasi ya kiwandani ikawa ya mtawala, kushindilia kukabaki kwa mtawaliwa. Mwaka 1905, watu wa Ngarambe na vilima vya Matumbi walipoingia vita vya Maji Maji, walikwenda na mikuki na magobore kukabili bunduki za rashasha. Mganga wa vita hivyo, Kinjikitile Ngwale, alinyongwa Mohoro, Agosti 4 mwaka huo, hapa hapa Rufiji. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameeleza jinsi nguruwe walioharibu mashamba ya Uzaramo, na sheria za Wajerumani zilizobana uwindaji, vilivyokuwa sehemu ya chungu kilichochemka wakati ule. Kwa hiyo mkulima wa Kibiti anapouliza nani atampa risasi ya kulinda mpunga wake, anauliza swali lililokwisha kumwaga damu.

Ukitaka mwalimu wa kushindilia, yupo jirani. Kaburi lake liko Beho Beho. Ni Frederick Selous, Mwingereza ambaye jina lake lilipewa lile pori la akiba la upande wa juu wa mto, ambalo sehemu yake kubwa ya kaskazini tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Alipoanza kuwinda tembo kusini mwa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1870, alikuwa na magobore mazito yaliyotengenezwa na Isaac Hollis wa Birmingham, yanayorusha risasi ya aunsi 4, karibu gramu 113. Baruti aliichota kwa mkono kutoka kwenye mfuko wa ngozi. Siku moja gobore liligoma, na msaidizi wake akalishindilia upya juu ya baruti ile ile ya kwanza. Selous akalenga tembo, akafyatua. Alinyanyuliwa kutoka ardhini, akaanguka kifudifudi, bunduki ikaruka nyuma kupita bega lake, uso ukapasuka na kumwachia kovu. Tembo alibaki amesimama. Baadaye Selous alikiri kwamba mateke ya bunduki zile yalimharibia ulengaji kwa miaka mingi, akatamani asingezijua. Aliziacha mara tu alipoweza. Risasi iliyomwua katika Vita Kuu ya Kwanza, Januari 4, 1917, akiwa na umri wa miaka 65, ilitoka kwenye bunduki ya askari wa upande wa Wajerumani.

Kosa lile lile laweza kutokea ndani ya ganda la kisasa, tena kwa ubaya zaidi. Ukijaza baruti mara mbili kwa sababu mtoto alikuja kuuliza habari za ada ya mtihani, bunduki inapasuka karibu na shavu lako. Ukisahau baruti kabisa, fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu kikakwama, nawe ukipiga ya pili nyuma yake, mtutu unafunguka. Anayejaza chumbani na redio inaimba, watoto wanapita na jirani anapiga hodi, asikaribie baruti.

Utasema, "Mimi nitakuwa makini." Vizuri. Basi sikiliza habari za watu waliokuwa makini, na habari zenyewe zinaanzia kwetu.

Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya delta, katikati ya mikoko, ikaishiwa makaa. Ujerumani ikatuma meli ya Rubens na makaa na shehena ya silaha. Aprili 1915 Waingereza waliifukuza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, nayo ikazama katika maji ya kina kifupi. Makaa hayakufika Rufiji kamwe, na Königsberg ikamalizwa Julai 11 mwaka ule ule. Ila shehena ya Rubens iliopolewa, risasi kwa maelfu, zote zimelowa maji ya bahari. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba baruti na fataki zilizidi kuharibika na risasi zikazidi kugoma. Hakukuwa na budi zifunguliwe. Askari walikaa huko Moshi miezi kadhaa, asubuhi hadi jioni, wakichomoa vichwa, wakisafisha baruti, wakibadilisha fataki pale zilipopatikana, wakivirudisha vitu vyote mahali pake. Na baada ya jasho lote lile bado nyingine ziligoma.

Lile lilikuwa jeshi zima. Lilikuwa na mafundi, nidhamu ya kijeshi na miezi ya kupoteza. Mkulima wa Mchukwi ana taa ya sola na Jumapili mchana.

Hesabu ya fedha haitaki kalamu. Mashine, vifaa vyake vya kila aina ya risasi, mizani, fataki, baruti na vichwa, vyote vinatoka ng'ambo. Anayepiga mamia ya risasi kwenye shabaha atairudisha fedha yake. Mkulima anayefyatua risasi 10 kwa msimu atairithisha mashine kwa wajukuu kabla haijajilipa.

Juu ya yote hayo ipo sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza silaha wala risasi bila kibali, na katika Kibiti neno hilo lina uzito wake. Kati ya 2015 na 2017 watu wa wilaya hii, Mkuranga na Rufiji waliishi na mauaji ya viongozi wa vijiji na askari; Aprili 13, 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa mara moja, na silaha zao zikachukuliwa. Kuna familia hazijamaliza kulia. Katika mahali kama hapo, risasi isiyo na asili ni tishio kwa kila jirani, hata kama aliyeijaza alikuwa na nguruwe tu kichwani. Mtu akikushauri ujaze kwa siri, mwambie hapana, tena kwa sauti.

Kwa hiyo nunua. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, kwa leseni ya bunduki yako mwenyewe, hata kama safari ni ya kwenda Dar es Salaam, kilomita kama 140 kutoka Kibiti mjini, na nauli inauma.

Ila usikiabudu kiwanda. Kiwanda nacho hukosea, tena kiwanda chenye jina. Mwaka 1956 Winchester ya Marekani ilitoa risasi ya .458, na wawindaji wa wanyama wakubwa wa Afrika wakaikimbilia. Ganda lilikuwa fupi, baruti ikashindiliwa sana ili ienee, na katika baadhi ya risasi ikagandamana ikawa tonge. Nyingine zikatoka dhaifu mbele ya mnyama asiyetania. Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati huko Msumbiji mwaka 1959, akatoka hospitali na nia ya kutengeneza risasi yenye nguvu zaidi. Leo ina jina lake. Waingereza kabla yake walijua kwamba joto huongeza shinikizo la baruti, wakatengeneza risasi za nchi za joto zenye baruti iliyopunguzwa. Sanduku la risasi lililoachwa mbele ya kioo cha gari lililoegeshwa Ikwiriri saa 7 mchana si lile lile lililotoka dukani.

Hapa ndipo ninapotaka uwe mjazaji kweli kweli: chukua adabu zake zote, umwachie baruti yake. Nunua daftari la shule. Andika aina ya risasi, nambari ya toleo iliyochapwa kwenye boksi, tarehe uliyonunua. Kabla ya msimu, mchana, mahali panaporuhusiwa na salama, piga moja au mbili kwenye ubao uone zinakwenda wapi. Boksi jipya, jaribio jipya. Mwenye bunduki ya marisau aujue umbali ambao marisau yake bado yamekusanyika, maana zaidi ya hapo anamchoma tu mnyama ngozi.

Kisha zitunze. Toa risasi moja uishike mbele ya dirisha. Shaba iwe inang'aa au imefifia tu kidogo. Ukiona ukijani unaochomoza kwenye mshono wa kichwa na ganda, chumvi imeingia. Pitisha kucha juu ya fataki: iwe imelala sawa na kitako, isiwe imechomoza. Risasi ya marisau yenye ganda la plastiki iwe imekunjwa vizuri mdomoni. Ikiwa imevimba na haiingii bila kulazimishwa, usiilazimishe. Weka kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, juu, mbali na jiko na mbali na mikono ya watoto, na bunduki yenyewe kwingine, imefungwa. Zilizolowa katika mafuriko, kama yale ya Aprili 2024 yaliyoingia vijiji vya Rufiji na Kibiti, usizianike juani ukadhani zimepona. Baruti iliyolowa huweza kugoma, au kuchelewa kulipuka hadi umeshafungua bunduki kuangalia kulikoni. Risasi ikigoma, elekeza mtutu mahali salama, hesabu taratibu hadi 60, ndipo ufungue.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike yote haya. Risasi mbaya mara nyingi haimwui aliyeipiga. Humjeruhi mnyama, na mnyama aliyejeruhiwa huondoka nayo. Kiboko mwenye gololi begani atakutana na mtoto anayevuka kijito kwenda shule. Nyati mwenye chuma tumboni atamsubiri mama anayetafuta kuni. Uliokoa shilingi elfu kadhaa, na aliyelipa hata jina lako halijui.

Katika nchi hii yenye simba hilo si la kuchezea. Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao walichapisha mwaka 2005, katika jarida la Nature, kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 Tanzania na kujeruhi wasiopungua 308, na kwamba nguruwe walihusika pakubwa: huwavuta simba mashambani, na huwalazimisha watu kulala huko huko shambani. Rufiji ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Simba aliyeitwa Osama, aliyeuawa na askari wa wanyamapori Aprili 2004, alihesabiwa watu wapatao 35. Alikutwa na jino lililopasuka na jipu chini yake. Baadhi ya wataalamu huutaja ugonjwa huo kuwa sababu ya yeye kula watu. Kama maumivu ya jino yanaweza kumfanya simba atafute windo rahisi, fikiria tonge la vipande vya misumari.

Kwa hiyo sheria ya dungu ni hii. Kama humwoni vizuri, gonga debe. Kama unamwona lakini yuko mbali, gonga debe. Kama ni tembo, kiboko au simba, shuka kwa njia salama, wapigie simu viongozi wa kijiji na askari wa wanyamapori wa TAWA. Kuwinda kwa taa, sumu au mitego sheria imekataza, na marisau hayakutengenezwa kwa ajili ya mnyama wa tani tatu. Na kama umepiga na mnyama ameondoka na damu, kijiji kijue usiku huo huo.

"Baba Asha, umempata?"

"Nimempiga, mama, lakini ameingia kwenye mikoko. Waambie watoto wa mzee wa jirani wasipite njia ya mtoni asubuhi mpaka tumfuatilie."

Maneno hayo yana thamani kuliko boksi zima la risasi, na wanaume wengi huona aibu kuyasema. Aibu hiyo imewahi kuua watu.

Serikali nayo isikae pembeni ikimsomea mkulima sheria. Ukimkataza mtu kujaza, umejitwika wajibu wa kumlinda. Kanuni za 2011 zilipanga kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa na kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia iliyofiwa. Fedha hiyo huja baada ya maziko. Kinachotakiwa Kibiti ni kitu kinachokuja kabla: askari wa wanyamapori wa vijiji waliofunzwa, wenye bunduki iliyopimwa na risasi za kutosha, wakikaa kata kwa kata ndani ya delta, mahali ambapo boti huchukua nusu siku. Risasi halali ipatikane karibu kuliko Kariakoo. Mkulima aliyeshika sheria asiwe ndiye mwenye njaa.

Mwisho, ukague kopo lako kila mwaka. Risasi zilizopinda, zilizoota ukijani, zilizolowa, na zile za marehemu mzee mlizozikuta chini ya kitanda baada ya arobaini, msizitupe mtoni, msizichome na takataka, msizifungue. Zipelekeni kituo cha polisi mkifuatana na mwenyekiti wa kitongoji, zihesabiwe mbele yenu, na mwondoke na karatasi inayosema ni ngapi mlizokabidhi.